Mpira Nilioupaka Rangi Karibu na Karachi

Tangu nirudi, kila nikikaa pale kwenye benchi la kinyozi mnaniuliza swali lile lile: "Barasa, huko baharini kulikuwaje?" Nikifungua mdomo, mmoja anadakia habari za kandanda, mwingine anaitisha chai, na hadithi yangu inafia Mombasa kabla meli haijafungua kamba. Basi nimeiandika. Someni mkingoja kunyolewa, na atakayesoma kwa sauti asiongeze yake.

Mnanijua. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikienda Kayole, mtaa wa jirani, huaga watu. Nikivuka barabara ya Outer Ring, Rosa mke wangu huniuliza kama nimebeba sweta. Kwa miaka kumi na moja nimepaka rangi mageti na milango ya Umoja hapa Nairobi, na kazi ya mbali kabisa niliyowahi kukubali ilikuwa Mowlem, hapo karibu tu, siku mbili, nikarudi na mafua.

Sasa mtu kama huyo aliingiaje melini? Mlaumuni Rosa. Binamu yake hufanya kazi Mombasa kwenye tagi, zile meli fupi zenye nguvu zinazozisukuma meli kubwa bandarini. Kila wiki ya pili huyo bwana yuko kwake, miguu juu ya stuli, anakula samaki. Rosa akaona hiyo ndiyo kazi ya mtu anayependa kitanda chake. Tatizo ni moja: tagi hazitaki mwanagenzi. Zinataka baharia kamili, na ukamilifu hauji kwa kifua, unakuja kwa kitabu. Ni kitabu cha mazoezi chenye orodha ya kazi za sitaha: usukani, kamba, nanga, ulinzi, kuosha meli, rangi. Mbele ya kila kazi pana nafasi ya sahihi ya afisa wa meli ya masafa marefu. Nafasi zikijaa, unarudi pwani. Zisipojaa, unarudi baharini.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa wa mvivu mwenye akili: niende mbali mara moja tu, ili nisiende mbali tena. Mambo ya chuo na makaratasi nayaruka. Sijawahi kuona mtu akichekeshwa na fomu.

Umoja hadi Mombasa

Wa mwisho kuniaga alikuwa Mama Atieno, anayeuza mchele na maharagwe kwa kilo kwenye duka lake kando ya geti letu. Aliniona na begi akasimamisha mizani hewani.

"Wewe Barasa, unaenda wapi na begi kama la mtu aliyefukuzwa?"

"Naenda baharini, Mama Atieno."

"Wewe? Wewe ambaye juzi kulinyesha ukashinda ndani?"

"Ile ilikuwa mvua. Hii ni kazi."

"Haya. Basi huko mchele unakotoka, waambie Mama Atieno wa Umoja amechoka kuletewa wenye ukungu. Gunia likiingia maji huko kwenu baharini, anayetukanwa na wateja ni mimi."

Nilikuwa sijatoka hata Umoja na bahari tayari ilikuwa "kwenu". Akaingia dukani, akausukuma mlango kwa nyonga na kuuegemezea jiwe, kwa maana komeo la mlango ule limegoma miaka mingi. Yeye husema ni kutu. Mlango wenyewe niliupaka mimi, kijani kibichi, na mpaka siku ile nilikuwa nikiuonea fahari.

Mombasa nilifika nikiwa tayari kupambana na mawimbi. Badala yake nilipambana na manyunyu. Meli yetu ilikuwa ikishusha ngano, na ngano haitaki tone. Kila wingu lilipopita, vifuniko vya ngama, yaani vya yale matumbo makubwa ya shehena, vilifungwa. Jua likitoka, vinafunguliwa. Wingu, vinafungwa. Tulikaa siku tano tukifanya kazi ya mama aliyeanika nguo.

Aliyenipokea juu ya ngazi alikuwa baharia wa Tanga aitwaye Sefu, mtu wa hamsini na kitu, mweusi wa jua, kofia ya kufumwa hata kwenye joto lile. Nikamsalimu kwa heshima zote za Umoja.

"Niaje, mzee?"

Akaniangalia kama mtu anayetazama bei. "Shikamoo imekwisha Nairobi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kiswahili chako kimevaa kandambili, bwana mdogo, lakini karibu."

Ili nionekane mtu wa kuchangamka, nikamwonyesha zile kamba nene zilizoifunga meli gatini. Kila moja ilikuwa imevikwa sahani kubwa ya bati katikati. Nikamwambia, "Kumbe hata huku mnashika stesheni nyingi." Si mnajua Umoja kila dirisha lina sahani ya king'amuzi.

"Hizo ni za kuzuia panya wasipande melini kwa kamba," akasema Sefu. Kisha akaenda kuwaeleza wenzake. Kwa wiki nzima baharia yeyote aliyepita karibu nami aliniuliza mechi inaanza saa ngapi.

Mombasa hadi Richards Bay

Siku tatu za kwanza sina la kusimulia, nilikuwa nimekumbatia ndoo. Ya nne nikapelekwa juu kwenye chumba cha usukani.

Afisa mkuu, wa pili kwa nahodha, ndiye aliyekuwa na kalamu ya kitabu changu. Alikuwa mwanamke wa Kihindi aitwaye Kavita, mdogo wa mwili na mpole wa sauti. Wote tulimwita Madam, na alipokohoa watu walinyoosha mashati. Melini tuliongea Kiingereza, kila mtu na chake alichotoka nacho kwao. Hapa naandika kwa Kiswahili ili niwafiche changu.

"Kulia kumi," akasema Madam.

"Sawa, Madam," nikajibu, nikazungusha usukani.

Akanigeukia. "Nimesema nini?"

"Kulia kumi."

"Basi sema hivyo."

Nikajua ninategwa. Nyinyi mnajua: kwetu ukirudia maneno ya mkubwa neno kwa neno, hiyo ni kejeli. Marehemu mama angenilamba kofi kabla sijafika "kumi". Madam aliposema tena, "Kulia kumi," nikajibu polepole, kwa adabu, nikiinamisha kichwa: "Kulia kumi, samahani."

Sefu, aliyekuwa na zamu ya kutazama mbele, aligeukia dirishani mabega yakitikisika.

Baadaye akanieleza. Melini amri hutolewa, mshika usukani huirudia ili mkubwa ajue kwamba umesikia alichosema wala si unachotaka wewe, kisha usukani ukifika pale huisema tena. Amri moja, mara tatu. Hakuna kukoseana heshima. Anayejibu "sawa" ndiye anayetia watu hofu, kwa kuwa "sawa" inaweza kuwa sawa ya jambo lolote.

Kuirudia amri nilijifunza. Kuinyoosha meli ndiko kulikonishinda. Unageuza usukani, kimya. Unaongeza, kimya. Kisha mbele kunaanza kuzunguka na hakusikii tena la mtu. Unarudisha, kumbe umechelewa, sasa inakimbilia upande wa pili.

"Barasa," akasema Madam, "hebu tazama nyuma."

Nikatazama. Povu letu lilikuwa limejikunja baharini kama nyoka aliyetoka kulewa chang'aa.

"Samaki wanapata kizunguzungu," akasema, akarudi kwenye chati yake.

Kilichoniokoa ni mkokoteni. Mnakumbuka ule mwaka bomba lilikauka nikawa nasukuma mitungi ya maji? Mkokoteni uliojaa, ukitaka usimame kwenye geti, unaanza kuuzuia nyumba mbili kabla. Nikaanza kuizuia meli nyumba mbili kabla. Inapoanza tu kugeuka, narudisha kidogo kwa upande wa pili na kuingoja. Wiki ya pili Madam alitazama nyuma mwenyewe, hakusema neno. Sefu akaninong'oneza, "Asiposema, amesifu."

Richards Bay

Huko Afrika Kusini tulikwenda kupakia makaa ya mawe. Kabla ya kufunga meli gatini, mtu wa sitaha hurusha kamba nyembamba yenye fundo zito mwishoni. Watu wa nchi kavu huidaka na kuivuta, nayo inavuta ile kamba nene. Sefu hurusha kamba hiyo kama mtu anayetupa maganda. Msimamizi wetu wa sitaha, Mfilipino mfupi aitwaye Nestor, ambaye Sefu alimwita serahangi kama walivyoitwa wasimamizi wa meli tangu enzi za babu yake, akaamua siku hiyo nirushe mimi.

Nikazungusha, nikaachia. Kamba ikapaa vizuri sana. Niliitazama ikipaa nikaona hata watu wa chini wameinua mikono. Upepo ukaikataa. Ikarudi na kumzunguka Nestor kichwani mara mbili, juu ya helmeti, fundo likamgonga mgongoni kama mtu anayemsalimia.

"Barasa," akasema kutoka ndani ya kamba, "mimi nimeshafungwa. Sasa ifunge meli."

Nilipoirusha mara ya tatu, ilifika. Lakini mzaha wa Nestor uliisha kamba nene zilipoanza kukazwa. Hapo alinishika mkono akanitoa mahali nilipokuwa nimesimama, akachora chini kwa chaki mstari wa pale kamba ingepita kama ingekatika. Mstari ulipita katikati ya nyayo zangu. Tangu siku hiyo hata kamba ya nguo ya Rosa naizunguka.

Richards Bay hadi Karachi

Mpishi wetu alikuwa mtu mwema aliyepika wali asubuhi, mchana na jioni. Wiki ya tano nikaanza kuota sufuria yetu. Rosa alikuwa amenitilia pakiti mbili za unga kwenye begi, na Jumapili moja nikaomba jiko.

Nikasonga ugali mwamba. Nikaufunika, moto mdogo, uive, nikaenda kumwita Sefu. Tulikawia kidogo, kwani alitaka kunawa kama mtu anayekwenda kuposa. Tuliporudi tukamkuta mpishi anatabasamu. Alikuwa ameona uji wangu umekauka na mwenyewe haonekani, akauhurumia. Akauongezea maji, maziwa, sukari na zabibu kavu.

Sefu alitia kijiko, akaonja, akafikiri. "Bwana mdogo, huu ni ugali au ni maulidi?"

Tuliula wote. Ungemwambia nini mtu anayesimama mbele yako akingoja ashukuriwe? Pakiti ya pili nilipoipika, Sefu alisimama zamu mlangoni mwa jiko mwanzo hadi mwisho, na mpishi alipotokea akamwambia, "Mgonjwa amelala, usimguse."

Nangani, nje ya Karachi

Tulishusha makaa Karachi kisha tukatoka kwenda kutia nanga nje, tukingoja zamu ya kurudi kupakia mchele wa kupeleka Mombasa. Nilipoambiwa ni mchele, nikamkumbuka Mama Atieno na mizani yake, nikacheka peke yangu.

Zamu ilichukua wiki mbili. Msidhani tulipumzika. Mtu aliyebeba makaa hawezi kubeba mchele kabla hajaoga, na ngama zetu zilikuwa tano, kila moja ungeweza kuweka ndani yake nyumba zetu za mtaa mzima na kanisa. Tuliosha kwa mipira ya maji ya chumvi, tukafagia, tukaosha tena kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Nilikuwa mweusi mpaka ndani ya masikio. Kisha tukabangua kutu kwa nyundo, ko-ko-ko mchana kutwa. Kisha, hatimaye, Nestor akatoa madebe ya rangi.

Jamani, nilifurahi. Huku kote nilikuwa mtu wa kuchekwa. Sasa wangemwona fundi. Nestor alikuwa na wenzetu kule ngama ya tano, akanituma peke yangu ya tatu: "Paka pale tulipobangua kutu."

Vifuniko vya ngama vikifunguliwa husimama wima kama daftari lililofunguliwa, na upande wa chini unakutazama. Nikapaka chuma kijivu, sawasawa, bila kuchuruzika. Lakini pembeni, kuzunguka kifuniko chote, palikuwa na ukanda mweusi wa mpira. Niliutazama nikaona uchafu. Mnawajua wenye nyumba wa Umoja: "Fundi, sitaki kuona rangi mbili." Sisi hupaka geti pamoja na bawaba, kufuli, waya wa kengele. Mwaka fulani nilimpaka konokono. Basi nikauvuta ule mpira wote kijivu, kifuniko hiki na kile, nikarudia mara ya pili ukapendeza kabisa.

Madam alipita kwa mbali akasimama. "Kazi safi, Barasa. Kesho saa ya chakula cha mchana niletee kitabu nikijaze."

Siwezi kuwaeleza nilivyohisi. Nilimwona Rosa. Niliiona tagi. Niliona stuli yangu na miguu yangu juu yake.

Kisha Sefu akaja na vikombe viwili vya chai. Akasimama. Hakunipa changu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Si pamependeza?"

"Barasa. Huu mpira ndio unaoziba. Kifuniko kinalala juu yake, unabonyea, maji yanakosa njia. Ukiupaka rangi unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule."

"Sasa?"

"Sasa maji yatapita. Mchele utalowa, utavunda, utafika kwenu Nairobi kuuzwa kilo kilo." Akatazama ule ukanda ulivyozunguka. "Na ukapaka mara mbili."

Nikakaa juu ya debe. Sefu akanipa chai.

"Kitabu kinajazwa lini?"

"Kesho adhuhuri."

"Na tunaingia gatini kesho kutwa. Mkaguzi atavimwagia vifuniko maji kabla ya kupakia." Akapuliza chai yake. "Mimi sijaona kitu, bwana mdogo. Lakini maji yataona."

Mwaelewa alichokuwa akinionyesha. Kati ya adhuhuri ya kesho na maji ya kesho kutwa kulikuwa na siku nzima, na sahihi ya wino haifutiki. Ningekaa kimya, ningekwenda nyumbani na kitabu kimejaa. Nilikunywa chai yote nikiwaza hivyo, siwafichi. Nikajiambia pengine rangi haitadhuru. Pengine mkaguzi atakuwa na haraka. Lakini kila nilipomaliza sentensi nilimwona mama mmoja na mizani, akitukanwa na mteja kwa gunia lililolowa, akisema, "Mimi nimeletewa hivyo hivyo," nami nimekaa hatua kumi kutoka kwake nakula samaki.

Nikapanda kwa Madam na mikono ya kijivu.

"Madam, nimepaka rangi mpira wa ngama ya tatu."

Akaiweka kalamu chini. "Umepaka rangi mpira wa ngama ya tatu."

Aliirudia vile vile, kama amri ya usukani. Mara ya tatu nikaimalizia mwenyewe: "Mpira wa ngama ya tatu, Madam. Wote."

Akatazama mikono yangu. "Kisu usitumie, utaukata. Dawa ya kuyeyusha rangi usitumie, utauua. Mpira mpya wa kutosha hatuna. Una mpaka kesho jioni."

"Na kitabu, Madam?"

"Kitabu gani?" akasema.

Nestor alipoona alivua helmeti. "Nina miaka ishirini na sita baharini. Nimeona mtu akipaka buti zake. Nimeona mtu akipaka njia yake ya kutokea akabaki kwenye kona. Hili sijaliona." Nikamwacha aseme, alikuwa na haki. Nilikuwa nikifikiri kazi yangu ya siku zote: rangi ikidondokea vigae vya mwenye nyumba, unaitoaje bila kukwaruza? Unakata mtungi wa mafuta ya kupikia, ile plastiki yake ngumu ya njano, unaipa ukingo, unasukuma taratibu.

Mpishi alinipa mitungi mitatu mitupu. Nadhani alikuwa bado anafikiri ninamdai shukrani kwa zile zabibu, au yeye ananidai.

Rangi ilikuwa haijakomaa, na mpira ulikuwa umepakwa mafuta kidogo, haukuwa umeishika sana. Nilisukuma kipande cha plastiki, rangi ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeunguzwa na jua. Shibiri moja. Nyingine. Nestor alisimama nyuma yangu akinitazama, kisha akakata kipande chake. Sefu akaja na chake bila kuitwa, akakaa kando yangu akisema, "Huu mpira sijauona, lakini acha niusugue." Siku ile na kesho yake tulikwangua mpira. Adhuhuri ilipofika, saa ya kitabu, nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa ngama, nikaisikia kengele ya chakula ikipita.

Karachi

Mkaguzi wa shehena hakuwa na haraka hata kidogo. Akaagiza vifuniko vifungwe na mpira wa maji uletwe. "Aliyepaka ndiye atakayeingia," akasema Madam, nami nikateremka kwenye ngama ya tatu na tochi.

Mchana kweupe nje, ndani giza la kaburi. Maji yalianza kupiga juu ya kichwa changu kama mvua ya Aprili kwenye mabati, yakizunguka pembe zote nilizozipaka na kuzikwangua. Nilimulika ukingo wa kwanza. Mkavu. Wa pili, mkavu. Nilipofika wa tatu kitu kikaniangukia mkononi. Tone.

Nikamulika juu, nikatafuta, nikapapasa chuma kwa kiganja. Kikavu. Nikamulika tena mkono wangu, na tone la pili likaanguka mbele ya macho yangu, kutoka puani kwangu. Lilikuwa jasho, au lile jingine, sikuchunguza.

"Pakavu!" nikapiga kelele.

"Pakavu," ikarudi sauti ya Madam kutoka juu.

"Pakavu, Madam!"

Karachi hadi Mombasa, na Umoja

Mchele ukapakiwa, na njia nzima ya kurudi Madam hakutaja kitabu, nami sikuthubutu. Niliinyoosha meli, nikasimama zamu, nikala wali. Siku ya mwisho, Mombasa ikionekana, akanyoosha mkono: "Lete."

Akatia sahihi kwenye usukani. Akatia kwenye kamba, nanga, ulinzi, kuosha meli. Kalamu ikafika kwenye rangi, ikaruka.

"Madam, umeruka moja."

"Sijaruka."

"Lakini hiyo ndiyo kazi yangu. Nina miaka kumi na moja."

"Ndiyo maana," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake. "Baharia anayejua rangi anajua pasipopakwa. Safari moja zaidi, Barasa, na mimi. Upake sitaha nzima, nione unachokiacha."

Mchele ulipokwisha kushushwa, Sefu alinisindikiza hadi chini ya ngazi. "Amekutaka tena," akasema. "Mimi alinijazia kitabu chote siku ya kwanza ili niondoke." Sijui kama ni kweli. Akanipungia kofia karibu na ile sahani ya panya: "Salimia stesheni zote!"

Rosa alinipokea, akanilisha, kisha akanyoosha mkono kama Madam. Akapitisha kidole kwenye sahihi, moja moja, mpaka akafika penye uwazi.

"Rangi?" akasema. "Barasa, wamekunyima ya *rangi*?" Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Alipomaliza akafuta macho, akarudisha kidole pale penye uwazi, maana alijua nafasi ile tupu ni miezi mingine ya kulala peke yake. Kisha akasema, "Nenda kalete nyanya tano na mchele kilo mbili."

"Nyanya tano na mchele kilo mbili," nikajibu.

"Unanikejeli?"

Ilinibidi nieleze upya yote ya usukani.

Mama Atieno alikuwa amekaa pale pale. "Baharia wangu! Mchele wa siku hizi mzuri, hauna harufu. Uliwaambia?"

"Niliwaambia." Siwezi kuapa ni ule wetu, lakini niliunusa kiganjani mara mbili. Ndipo alipogeuka kuusukuma mlango kwa nyonga na kuchukua jiwe, na mimi, kwa mara ya kwanza kwa miaka yote hiyo, nikalitazama lile komeo. Halikuwa na kutu. Lilikuwa kijani kibichi, limegandishwa kwenye tundu lake kwa koti mbili nadhifu za rangi, bila kuchuruzika.

"Mama Atieno," nikasema, "si kutu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nililipaka rangi komeo."

Akaniangalia, akaliangalia jiwe. Nadhani alikuwa akihesabu mara ngapi ameliinamia. Nikamwomba mtungi mtupu wa mafuta kabla hajamaliza hesabu. Nikakata, nikakwangua, nikasukuma. Nyinyi wa benchi mlikuja kusimama hapo mkitoa ushauri, mnajijua. Komeo likatikisika, likateleza, likaingia mahali pake: *tap*. Mama Atieno akalifungua. Akalifunga. Akalifungua tena, kama mtoto na taa.

"Kumbe umeenda mpaka Karachi kujifunza kufungua mlango wangu," akasema. Kisha: "Nimesikia Rosa akicheka huko ndani kwamba kuna sahihi umenyimwa."

"Ya rangi."

"Kilete hicho kitabu."

Akakiweka juu ya gunia la maharagwe, akatoa nyuma ya sikio ile penseli anayoandikia madeni ya watu, akatia sahihi yake mbele ya neno *rangi*, herufi kubwa, akapiga mstari chini. "Ya penseli," akasema, "mpaka mwenye kalamu ajiridhishe."

Narudi melini mwezi ujao. Hadi hapo mtaniona nikizunguka Umoja na kipande cha mtungi wa njano, geti kwa geti; komeo likikugomea, niite, na usiniulize nani alilipaka. Kitabu nimeshakitia kwenye begi. Ile penseli sijaifuta. Madam akitaka, aifute yeye.